Ripoti ya Majuma Tisa: Kongwa na Sheria ya Mwaka 1948

Wengi walioandika juu ya mpango wa karanga wa Kongwa wamependa kuchekesha. Wamesimulia matrekta yaliyoharibika upesi, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti, na mibuyu iliyokataa kuanguka. Masimulizi hayo yana ukweli wake. Walakini yamefunika jambo lililo kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa historia ya sheria, nalo ni namna makadirio ya watu watatu, waliyoyafanya kwa majuma tisa, yalivyogeuka kuwa sheria ya Bunge la Uingereza, na nchi ya Ugogo ikadaiwa kitu ambacho haikuwa nacho.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa wakipata mafuta ya kula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, iliyokuwa chini ya Unilever, aliishauri Serikali yake kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Ndipo ukatumwa ujumbe wa kuchunguza. Mkuu wake alikuwa John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wenziwe walikuwa David Martin, aliyezoea kazi ya mashamba makubwa, na John Rosa, aliyejua mambo ya fedha. Wakazunguka kwa ndege, kwa gari moshi na kwa motokaa, kisha wakaandika.

Ripoti yao ilitolewa kwa umma, pamoja na maelezo ya Serikali, mwezi wa Februari 1947. Kwa mpangilio wa hesabu, ni kazi ya kupendeza. Eka 3,210,000 zingefyekwa katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu iliyo kubwa kupita zote ingekuwa Tanganyika. Gharama ingekuwa pauni milioni 24. Mavuno yangefika tani 600,000 kwa mwaka. Katika mwaka wa kwanza peke yake zilitazamiwa eka 150,000. Mambo yalikwenda kwa haraka mno: mapema mwaka huo huo watangulizi walikuwa wakipiga mahema Kongwa, na sheria ya kuwaongoza haijatungwa bado.

Makadirio na kudura ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, la kwanza likiwa la mwanadamu na la pili likiwa la Mwenyezi Mungu. Katika mkasa wa Kongwa la kwanza lilishikwa kana kwamba ni la pili.

Isidhaniwe kwamba utafiti haukuwapo. Mwaka 1936 Clement Gillman alikuwa amekwisha chora ramani ya watu wa Tanganyika, akaonyesha ya kuwa yapata theluthi mbili za wakazi walijikusanya katika sehemu moja ya kumi tu ya nchi. Na sababu kubwa ya kusambaa kwao hivyo ilikuwa maji. Aliyeitazama ramani hiyo kwa makini hakuweza kuiita nchi tupu ya katikati bahati iliyosahauliwa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, alikuwa ameeleza jinsi udongo ubadilikavyo kwa utaratibu kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, hata shamba moja likawa na aina kadhaa zisizofanana. Habari za safari yake ya udongo ya mwaka 1935 hadi 1936 zilichapishwa mwaka 1947, yeye akiwa amekufa tangu 1942: mwaka ule ule matrekta yalipoanza kung'oa vichaka. Na Mpwapwa, iliyo jirani na Kongwa, tangu miaka ya 1930 palikuwa na vipimo vya maji ya mvua yatiririkayo juu ya ardhi, na vya udongo yanaouchukua pale ardhi iachwapo uchi. Kufyeka maelfu ya eka mahali kama hapo ni kuiacha ardhi uchi kwa makusudi.

Tena palikuwa na elimu isiyoandikwa. Ugogo hupata msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hata Aprili. Wastani wa Dodoma ni milimita 570 hivi. Lakini wastani ni mali ya mwenye daftari, naye mkulima hula mvua ya mwaka mmoja mmoja. Huenda mvua ikanyesha vema mwanzoni, kisha ikakatika majuma kadhaa wakati mimea inapochanua. Kwa sababu hiyo Wagogo walitegemea uwele na mtama, wakagawanya ng'ombe wao kwa jamaa na marafiki wa mbali ili ukame wa mahali pamoja usiwamalize, na shughuli ya mvua ikawa sehemu ya utawala wa mtemi. Njaa ya Mtunya, iliyoishika nchi hiyo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima wote. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa Ugogo, aliziandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, wakati mpango wa karanga umekwisha kufa. Mambo aliyoyaandika yangaliweza kuulizwa kwa wazee mwaka 1946, kwa gharama ya safari ya siku chache.

Udongo wenyewe ulijibu. Wakati wa mvua ulilimika; ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikabaki zimefungwa ndani yake, na vyuma vya mashine vikalika upesi. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, mahali pa eka 150,000 zilikuwa tayari kama 7,500 tu.

Hapo ndipo ungaliweza kusimamishwa mpango kwa fedheha ndogo. Badala yake Bunge la Uingereza, Februari 1948, lilipitisha Sheria ya Maendeleo ya Rasilimali za Ng'ambo, ikaunda Shirika la Chakula la Ng'ambo chini ya Waziri wa Chakula, John Strachey, na kuliruhusu likope hadi pauni milioni 50, zaidi ya maradufu ya makadirio ya ripoti. Yafaa kutazama ni nani aliyekabidhiwa. Ardhi ilikuwa ya Tanganyika, lakini shirika lilikuwa la wizara iliyotakiwa kuwalisha Waingereza. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika machifu wawili wa Kiafrika walikuwa wameingia mwaka 1945, mmoja wa Usukuma na mmoja wa Uchaga, Mgogo hakuwamo. Swali la kama karanga zitaota Kongwa lilikuwa swali la utafiti. Tangu siku ile likawa swali la heshima ya Waziri, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa kipimo cha mvua.

Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na kifungu kimoja kilichofanya kazi yake. Ililidai shirika hesabu zilizo sawa, zenye kukaguliwa na kuwekwa wazi. Taarifa ya kwanza ya mwaka, iliyoishia Machi 1949, ilipotolewa, wakaguzi walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vilitunzwa kama sheria ilivyotaka. Mambo ambayo ukame haukuweza kuyasema London yalisemwa na wahasibu. Kukazuka mabishano makali Bungeni. Mwisho wa mwaka huo Wakefield mwenyewe aliondolewa katika bodi. Mwaka 1950 kamati iliichunguza Kongwa upya, ikashauri kilimo kikubwa kikomeshwe, sehemu ndogo ibaki kwa majaribio, na nchi nyingine iwe malisho. Januari 1951 Serikali ilikiri kushindwa na kufuta deni la pauni milioni 36 hivi.

Hesabu hiyo ya pauni ni ya Waingereza. Ya Wagogo haikuandikwa katika taarifa yoyote ya shirika: vijana waliokwenda kutafuta mshahara badala ya kulima, bei ya nafaka iliyopanda, na kazi iliyotoweka ghafula kama ilivyokuja.

Tabia ya kugeuza ripoti kuwa sheria kabla ya jaribio haikuondoka na bendera. Ujumbe wa Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 1961, uliishauri Tanganyika iwahamishie wakulima wachache katika makazi mapya yenye vifaa na usimamizi. Ikaundwa Tume ya Makazi Vijijini mwaka 1963, na mwaka 1965 ikatungwa sheria ya umilikaji wa ardhi ya vijiji hivyo; mwezi wa Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba mpango huo wa gharama kubwa hautaendelezwa. Tofauti moja ni ya haki kutajwa: safari hii aliyekiri alikuwa Serikali ya wenyeji, na alikiri mapema.

Shirika la Chakula lilikwisha, na mwaka 1955 mali zake zikapokewa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Shirika la pili lililoundwa na sheria ile ile ya 1948, la Maendeleo ya Makoloni, lipo hata leo. Tangu 2022 laitwa British International Investment. Kongwa palibaki ranchi ya ng'ombe.