Fresha wa Kompyuta Rongo ama Homa Bay? Hii Ndio Rada ya Yuniti ya Uhandisi wa Programu

Ka KUCCPS imekutupa kozi ya kompyuta pande za Migori ama Homa Bay, kuna yuniti itakupata mapema na jina lake linatisha kuliko yenyewe: utangulizi wa uhandisi wa programu. Si lazima digrii yako iitwe hivyo. Wasee wa sayansi ya kompyuta na wale wa teknolojia ya habari pia hukutana nayo, mara nyingi kabla hata hawajajua ni kibanda gani huuza chapo safi.

Kwa wale bado wanacheki ramani, Chuo Kikuu cha Rongo kiko kaunti ya Migori. Kilikuwa chini ya Moi hadi kikapewa chata 2016. Tom Mboya iko Homa Bay mjini, ilianza chini ya Maseno na chata yake ikaja 2022. Ni campo changa, na huku hakuna makampuni ya teknolojia yamejipanga barabarani kama Nairobi. Usilie. Kwa hii yuniti uko mahali poa kuliko unavyodhani.

Mafresha wengi huingia wakidhani ni yuniti ya kuandika programu. Zii. Kuandika programu ni wewe, laptopu na usiku mrefu. Uhandisi unaanza pale programu itatumiwa na watu hamjawahi kutana, imeandikwa na wasee wanne, na itarekebishwa na msee wa tano wewe ukiwa ushahepa. Jina lenyewe lilishika kasi Oktoba 1968, kwa mkutano wa NATO pale Garmisch, Ujerumani. Wataalamu walikuwa wamechoka na miradi inayochelewa, inayomeza doo, halafu ikifika haifanyi kile watu walitaka. Hiyo shida bado iko hadi leo, ndio maana unafunzwa.

Kuuliza kwanza, kuandika baadaye

Lec ataanza na mahitaji, yaani kujua mtumiaji anataka nini. Inaboo kwa slaidi. Sasa toka nayo hadi soko la Homa Bay. Sema mbogi yenu imeamua kutengenezea mama wa omena apu ya kuweka rekodi. Mnakaa hosteli, mnaweka kisanduku cha kilo, bei kwa kilo, na kitufe cha kuchapisha risiti. Inawaka vizuri, rangi safi. Mnampelekea. Anawaangalia tu, ju yeye anauza kwa gorogoro. Gorogoro ikijazwa hadi juu ni bei moja, ikipigwa flati ni nyingine. Nusu ya wateja wanachukua kwa deni, na risiti hakuna mtu ameulizia. Simu yake inashika chaji kidogo na mikono iko na maji ya samaki. Wiki tatu za kazi zimeenda hivyo, na hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliokuwa na makosa.

Mngekaa naye asubuhi moja tu, mkiangalia na kuandika bila kumfundisha kazi yake, mngeshika yote hayo. Na hapo ndipo campo ya huku inashinda. Mteja wa kweli yuko dakika chache kutoka darasani: wavuvi wa ufuoni, wakulima wa miwa wanaopeleka mzigo Sony Awendo, mat za Migori hadi Isebania.

Ukidhani hiyo ni stori ya mafresha pekee, cheki M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kuifanyia mambo yao, wakitumiana pesa wao kwa wao. Wahusika waliangalia, wakabadilisha mpango, na Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa. Wangeng'ang'ania karatasi ya kwanza, sijui leo tungekuwa tunalipa nduthi aje.

Modeli zitakazokuja kwa mtihani

Hapa tuende mbio. Kuna modeli ya maporomoko: mahitaji, usanifu, uandishi, majaribio, utunzaji, kila hatua ikiisha ndio nyingine ianze. Hubandikwa jina la Winston Royce kwa sababu ya andiko lake la 1970, lakini hapo hapo alionya kuwa kuifuata hivyo moja kwa moja ni hatari. Andika hiyo kwa CAT uone lec akitabasamu. Halafu kuna Agile, iliyotangazwa Februari 2001 na wasee 17 waliokutana Utah, Marekani: unajenga kidogo, unaonyesha mteja, unarekebisha, unarudi tena. Kwa apu ya omena, ya pili ina maana zaidi. Kwa mashine ya hospitali, maelezo kamili kabla ya kuanza yanaokoa maisha.

Majaribio usiyaache ya mwisho. Wakenya tulilipia hii darasa live mwaka wa 2013. Wakati matokeo ya urais yalikuwa yakipita kwa skrini, kura zilizokataliwa zilipanda hadi kupita laki 3, taifa zima likishangaa. IEBC ikaeleza kuwa mfumo ulikuwa unazizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho ikawa 108,975. Kosa dogo la hesabu, lakini kwa uchaguzi linawasha moto. Kwa hivyo jaribu apu yako kama adui: weka gorogoro sifuri, weka deni hasi, bonyeza kitufe cha kulipa mara mbili haraka. Na ka unahifadhi majina na namba za simu za wateja, jua kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Utunzaji nao hupewa slaidi moja, na ndio hula pesa nyingi zaidi kwa maisha ya programu. Wikendi moja fikeni Thimlich Ohinga, hapo hapo Migori. Kuta za mawe bila simiti, inaaminika ni za karne ya 16, na UNESCO iliziweka kwa urithi wa dunia 2018. Hazijasimama kwa bahati. Jamii zilizoishi hapo kwa zamu ziliendelea kuzirekebisha. Programu nayo ikikosa mtu wa kurudisha jiwe mahali pake, inaanguka.

Mradi wa kikundi, penye urafiki huisha

Mko watano. Mmoja anaandika kila kitu, wawili wanatuma emoji WhatsApp, mmoja ako na shughuli nyumbani, wa tano hajulikani sura. Flashi inazunguka na faili inaitwa "mwisho_mwisho_2". Noma.

Dawa ni Git, iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Ni ya bure, na inaweka historia ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Tena haihitaji intaneti muda wote. Unafanya kazi yako hosteli bila bando, ukipata Wi-Fi ya campo unapandisha GitHub. Ka huna laptopu bado, usikae nje ya kikundi: kuhoji mteja, kuchora michoro ya UML kwa karatasi na kuandika orodha ya majaribio ni kazi kamili yenye alama, na mazoezi ya Python unaweza kuyafanyia kwa simu.

Gaweni kazi wiki ya kwanza, muandike nani anafanya nini. Msee akipotea, ongea na lec wiki ya tatu ukiwa na ile historia ya Git mkononi. Ukingoja usiku wa kuwasilisha, lec atawauliza mmoja mmoja muelezee msimbo, na yule wa emoji atawaangusha wote.