Kufuli ya Simu na Neno «Ila»

Neno «usimbaji» linatokana na msimbo, wala halina undugu na simba wa mwituni, ingawa wanafunzi wangu hapa Juba hucheka kila walisikiapo. Kuusimba ujumbe ni kuugeuza usisomeke ila na mwenye ufunguo.

Februari 2016, mahakama ya Marekani iliiamuru Apple iwasaidie wapelelezi wa FBI kuifungua simu ya mmoja wa washambuliaji wa San Bernardino. Apple ilikataa hadharani, ikapeleka hoja zake mahakamani. Mwezi uliofuata serikali ililiondoa shauri lake, kwani ilikuwa imeifungua simu kwa msaada wa watu wengine.

Hapa Juba, katika miaka ile ile, mambo yalikwenda kimyakimya. Simu ya kawaida, tofauti na WhatsApp iliyokamilisha usimbaji wake Aprili 2016, hupita katika mitambo ya kampuni ya simu, na mwenye mitambo aweza kuisikiliza. Mpelelezi hahitaji kuvunja kufuli; yatosha afunguliwe mlango. Kwa mujibu wa ripoti ya Amnesty International ya Februari 2021, kati ya Machi 2015 na Februari 2017 kampuni ya Vivacell iliilipa Verint, tawi la Israeli la kampuni ya Kimarekani, dola zisizopungua 762,236 kwa vifaa na huduma za kunasa mawasiliano, kwa matakwa ya Idara ya Usalama wa Taifa. Na fedha za kampuni ya simu hutoka wapi, kama si katika vocha zetu?

Je, sheria ilikuwa wapi? Ibara ya 22 ya Katiba ya Mpito ya 2011 inalinda faragha na mawasiliano ya kila mtu, ila kwa mujibu wa sheria. Litazameni vema neno hilo «ila». Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2014 ilipita papo hapo, ikaipa Idara mamlaka ya kufuatilia mawasiliano.

Je, kampuni ingeweza kukataa kama Apple? Machi 2018 serikali iliisimamisha leseni ya Vivacell. Mgogoro ulikuwa wa ada, si wa udukuzi. Hata hivyo, kampuni nyingine za simu ziliona jinsi mtandao mzima unavyoweza kuzimwa.

Mpwa wangu akiwa na jambo zito hunipigia, akasema tu, «Mjomba, nakuja», kisha hukata simu.