Dereva wa Uingereza kwenye Barabara za Kanada: Uhaba wa Watu au Uhaba wa Masharti?

Septemba 2021 vituo vingi vya mafuta nchini Uingereza vilikauka. Mafuta yalikuwepo kwenye maghala. Waliokosekana ni watu wa kuyasafirisha. Chama cha wenye malori, Road Haulage Association, kilikadiria kuwa nchi ilipungukiwa na madereva wapatao 100,000, na serikali ikatangaza viza 5,000 za muda kwa madereva wa nje. Hali hiyo ilijitokeza baada ya miaka mingi ya kampuni za usafirishaji za Manitoba, Saskatchewan na Alberta kuvuka Atlantiki, hasa tangu katikati ya miaka ya 2000, kwenda kuwashawishi Waingereza wahamie kwao. Nchi iliyokuwa ikitafuta madereva kwa udi na uvumba ilikuwa yenyewe imewaacha wake waondoke.

Makala haya yanatetea hoja moja: kinachoitwa uhaba wa madereva nchini Kanada ni, kwa sehemu kubwa, uhaba wa masharti ya kazi yanayovumilika, na kuajiri kutoka ng'ambo kunaahirisha marekebisho ya masharti hayo. Dereva wa Uingereza ni kipimo kizuri cha hoja hii. Kiingereza anakizungumza tangu utotoni. Pasipoti yake inamwezesha kuitembelea Kanada bila viza. Mfalme wake ndiye mkuu wa nchi huko pia. Dereva wa Mombasa au Tunduma anayewania kazi ileile hukutana kwanza na maombi ya viza, kisha na mashaka ya mwajiri juu ya vyeti na uzoefu wake. Kwa Mwingereza vizingiti hivyo karibu vyote vimeondolewa. Kwa hiyo yale yanayomwelemea akishafika hayawezi kuelezwa kwa ugeni wake peke yake. Mengi yanatokana na kazi yenyewe na namna sheria inavyoitazama.

Tuanze na sheria ya uhamiaji. Mfumo wa Express Entry, ambao serikali kuu huutumia kuchagua wahamiaji kwa alama, ulipozinduliwa Januari 2015, dereva wa lori hakuwa na nafasi ndani yake, kwa sababu kazi yake iliwekwa katika daraja C, chini ya kiwango kilichohesabiwa kuwa cha ustadi. Mlango uliobaki ulikuwa wa majimbo. Manitoba ilikuwa imeanza kuteua wahamiaji wake yenyewe mwaka 1998, na Saskatchewan ikaweka utaratibu maalumu kwa madereva wa masafa marefu: mwajiri apate kwanza uthibitisho wa serikali kuu kwamba nafasi yake haikupata Mkanada wa kuijaza, dereva apewe kibali cha muda, afanye kazi kwa mwajiri huyo angalau miezi 6, ndipo jimbo limteue kwa ukaazi wa kudumu. Tarehe 16 Novemba 2022 orodha ya taifa ya kazi ilibadilishwa. Dereva wa lori akapewa namba 73300 katika daraja la 3, na Express Entry ikamfungukia. Kazi haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jedwali.

Hata hivyo, mlango huo ulifunguliwa kwa vijana zaidi kuliko wazee wa barabara. Alama za umri katika mfumo huo huanza kupungua mtu akifika miaka 30, na akitimiza 45 hapati hata moja. Udereva wa lori Uingereza ni kazi ya watu wa makamo; wengi wa wanaofikiria kuhama wameshalea watoto na kulipa sehemu kubwa ya mkopo wa nyumba. Mtu aliyezaliwa Leeds naye hutakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza kama mwombaji mwingine yeyote, na alama za mtihani huo huenda zikawa ndizo zinazomwokoa. La sivyo hurudi kwenye njia ya jimbo, yaani mikononi mwa mwajiri mmoja.

Kisha huja leseni. Uingereza humruhusu aendeshe semi-trela ya hadi tani 44, na kila baada ya miaka 5 lazima awe amekamilisha saa 35 za mafunzo ya kitaaluma ili aendelee na kazi. Majimbo ya Kanada humbadilishia kwa urahisi leseni ya gari dogo. Ya lori, kwa kawaida, humtaka afanye mtihani upya: Class 1 katika majimbo ya magharibi, Class A huko Ontario.

Mtihani wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndiko uzoefu unakogeuzwa kuwa uanagenzi. Kabla lori halijatoka uwanjani, mtahiniwa hulizunguka akitaja kwa sauti kila anachokikagua: njugu za magurudumu, taa, mipira ya upepo, kufuli la kichwa na trela. Huingia chini ya trela, akatia alama ya chaki kwenye fito ya breki, akazifunga breki, kisha akapima fito imesogea kiasi gani. Akirudi kwenye kiti hukanyaga pedali ya breki tena na tena mpaka upepo upungue kwenye matangi na kengele ya onyo ilie. Akiruka hatua moja anaweza kurudishwa nyumbani kabla hajaigusa barabara. Kwenye lori la gia 18 la mtindo wa zamani hulazimika kukanyaga klachi mara mbili kila anapobadilisha gia, jambo ambalo malori ya Ulaya yaliliacha zamani. Upande wa barabara nao ni mwingine, na nyuma yake trela lina urefu wa futi 53, yaani zaidi ya mita 16, wakati la Uingereza kwa kawaida ni mita 13.6.

Ukali huu si wa bure, na ni haki kuutetea. Tarehe 6 Aprili 2018, kwenye makutano ya barabara namba 35 na 335 jimboni Saskatchewan, lori lililovuta matrela mawili lilipitiliza alama ya kusimama, na basi la timu ya vijana wa hoki, Humboldt Broncos, likaligonga. Watu 16 walifariki na 13 wakajeruhiwa. Dereva wa lori, kijana mhamiaji, alikuwa na wiki chache tu katika kazi hiyo. Ontario ilikuwa imeshaweka mafunzo ya lazima ya saa 103.5 tangu Julai 2017. Saskatchewan ikafuata Machi 2019 kwa saa 121.5, pamoja na Alberta mwezi huohuo. Tatizo ni kwamba somo lililochukuliwa lilihusu zaidi mlango wa kuingilia kazini. Kuhusu saa ambazo dereva hutumia barabarani akishaingia, na namna anavyolipwa kwa saa hizo, mabadiliko yalikuwa haba.

Hapa ndipo tofauti kati ya nchi hizi mbili inapouma. Nchini Uingereza, chini ya kanuni zilizorithiwa kutoka Umoja wa Ulaya, dereva huendesha saa 9 kwa siku, na 10 mara mbili tu kwa wiki. Baada ya saa 4 na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45. Katika wiki mbili mfululizo hawezi kuzidisha saa 90 za kuendesha. Kanada, kusini mwa latitudo ya 60, humruhusu aendeshe saa 13 kwa siku ndani ya saa 14 za kazi, mpaka afikishe saa 70 za kazi katika siku 7. Chombo cha kielektroniki cha kurekodi saa kimekuwa cha lazima kwa wanaovuka mipaka ya majimbo tangu Juni 2021, na adhabu kamili zikaanza Januari 2023. Chombo hicho kinazuia udanganyifu, na hilo ni jema. Lakini kinachorekodiwa kwa uaminifu bado ni siku ya saa 14.

Malipo ndiyo yanayozipa saa hizo uzito wake. Dereva wa masafa marefu wa Kanada kwa kawaida hulipwa kwa maili. Uingereza, malipo ya saa au ya siku ndiyo mazoea. Chini ya malipo ya maili, muda anaopoteza ghalani akisubiri kupakiwa, foleni ya mpakani, barabara iliyofungwa kwa theluji, na saa anazotumia kufunga minyororo kwenye matairi kabla ya kupanda milima ya British Columbia hulipwa kidogo, kwa viwango vya kubishaniwa, au havilipwi kabisa. Hasara ya kusubiri huhamishwa kutoka kwa mwenye ghala na mwenye lori, wenye uwezo wa kuipunguza, ikaangukia mtu asiye na uwezo wowote juu yake. Na Kanada ni nchi ya kusubiri. Januari 2016 daraja jipya la mto Nipigon huko Ontario lilinyanyuka kwenye baridi kali na kufungwa. Kwa kuwa pale hakuna barabara nyingine ndani ya nchi, mashariki na magharibi vilitengana, na njia ya kuzunguka ikawa kupitia Marekani. Novemba 2021 mafuriko yalikata barabara ya Coquihalla huko British Columbia, na malori hayakuruhusiwa kupita tena mpaka Desemba 20. Majira ya baridi mjini Winnipeg, lori linaloegeshwa usiku huchomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Haya yote ni sehemu ya kazi, na malipo ya maili huyahesabu kama vile hayapo.

Sheria ya kazi inakubaliana na mpangilio huo. Mfanyakazi wa kawaida chini ya sheria za shirikisho la Kanada huanza kulipwa saa za ziada baada ya saa 40 kwa wiki. Dereva wa mjini, baada ya 45. Dereva wa barabara kuu, baada ya 60. Hizo saa 20 za tofauti zinaeleza, pengine kuliko takwimu yoyote ya nafasi zilizo wazi, kwa nini vijana wa Kanada hawaikimbilii kazi hii.

Ni kweli kwamba kazi hii ina mvuto wake, na mwandishi yeyote anayeupuuza hajawasikiliza madereva. Wengi waliohama wanataja nafasi: barabara ya Trans-Canada yenye kilomita karibu 7,800, lori lenye kitanda cha kulala kama chumba kidogo, nyumba yenye kiwanja ambayo mshahara wa Uingereza usingeinunua. Wapo waliofanikiwa, wakanunua malori yao, wakawaita ndugu na marafiki. Mvuto huo ni halisi. Lakini mtu hawezi kutoka kwenda kujitafutia mwajiri mwenye masharti bora ikiwa kibali chake kinataja jina la mwajiri mmoja tu. Mwaka 2023 Tomoya Obokata, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu aina za kisasa za utumwa, aliitembelea Kanada na kuukosoa vikali mpango wa wafanyakazi wa muda kwa sababu hiyohiyo. Tangu Juni 2019 kipo kibali huru kwa mfanyakazi anayenyanyaswa. Ila lazima athibitishe unyanyasaji. Kunyimwa malipo ya kusubiri saa 5 ghalani si rahisi kuthibitika kama unyanyasaji. Ni desturi ya kazi.

Kuna pia mambo mawili ambayo mawakala wa ajira huyataja kwa nadra. La kwanza ni pensheni. Mwingereza anayestaafu Kanada hulipwa pensheni ya serikali ya Uingereza, lakini kiwango chake hugandishwa pale kilipoanzia. Nyongeza za kila mwaka hazimfikii. Angestaafu ng'ambo ya mpaka, Marekani, angezipata. Waathirika nchini Kanada ni zaidi ya laki moja. Kesi ya kupinga utaratibu huo, iliyobeba jina la Annette Carson, ilishindwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu Machi 2010, na Uingereza imekataa maombi ya Kanada ya kufanya makubaliano mapya. Kwa dereva anayehama akiwa na miaka 50, nyongeza hizo za miaka 20 au zaidi zinaweza kuwa fedha nyingi.

La pili ni uraia. Mkaazi wa kudumu anatakiwa awe ndani ya Kanada siku 1,095 katika miaka 5 kabla ya kuomba. Siku ya kutoka na ya kurudi huhesabiwa. Zilizo katikati hazihesabiwi. Tuchukue dereva wa Winnipeg anayevuka mpaka wa Emerson Jumatatu kuelekea Texas na kurudi Ijumaa. Kila wiki hupoteza siku 3. Akifanya hivyo wiki 48 kwa mwaka, hubakiwa na siku 221, na badala ya miaka 3 atahitaji karibu miaka 5 kufikisha idadi inayotakiwa, hata kabla ya kuhesabu likizo za kwenda kumwona mama yake Uingereza. Siku hizo zote alikuwa akiendesha lori lenye namba za Manitoba, akibeba mzigo wa kampuni ya Kanada, akilipa kodi Kanada. Sheria hiyohiyo ya uraia humhesabia mkaazi aliyeajiriwa nje na serikali ya Kanada siku zake za huko kana kwamba alikuwa nyumbani. Kumpa dereva wa masafa marefu hesabu hiyo, pamoja na kibali kinachomruhusu kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine ndani ya sekta na malipo ya lazima kwa kila saa ya kusubiri, hakuhitaji kutafuta dereva mpya hata mmoja kutoka Uingereza wala kwingineko. Bunge la Ottawa lina mamlaka juu ya yote matatu kwa kampuni zinazovuka mipaka ya majimbo na ya nchi, na hizo ndizo zinazolalamika zaidi kuhusu uhaba.