Wapagazi Waliokataa Kuutua Mzigo



Wiki hii tutafakari juu ya uongozi kwa kuitazama njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hata Ujiji. Wengi wetu tunaongoza watu: dukani, karakanani, ofisini. Je, ni kitu gani kimfanyacho mtu amfuate kiongozi hata pale asipolazimishwa?

David Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwajiri alikuwa amekufa. Watu wake wangeweza kugawana bidhaa na kutawanyika. Badala yake walikusanyika, wakawaomba Abdullah Susi na James Chuma wawe wakuu wao, kwa kuwa walizizoea safari na taabu zake, wakaahidi kuwatii. Chuma huyo alikombolewa utumwani mwaka 1861, angali kijana mdogo. Cheo chao hakikushuka kutoka juu. Walikabidhiwa na wenzao.

Wakauzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, penye mji wa Tabora. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike mwili papo hapo. Wakamsikiliza kwa heshima, wakakataa. Basi tujue kwamba unyenyekevu si woga. Mnyenyekevu hajitetei nafsi yake, bali huitetea kazi aliyokabidhiwa.

Walipoiacha Tabora, walipata habari kwamba wenyeji wa mbele hawataruhusu maiti ipite. Wakatengeneza maiti ya bandia kwa mabua, wakawatuma wenzao kurudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika. Mwili wenyewe wakaufunga mfano wa robota la nguo. Hila hiyo ingeharibika kama mmoja tu angefumbua kinywa. Siri haikutoka. Utii wa namna hiyo haununuliwi kwa mshahara wala hauletwi kwa kiboko; huzaliwa pale kila mtu anapoiona kazi kuwa ni yake.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Aprili 18 ukazikwa London kwa heshima kubwa. Susi na Chuma hawakuwapo mazikoni. Walikuwa wamelipwa ujira wao na kuachishwa kazi. Baadaye Chuma aliongoza msafara wa Joseph Thomson, mwaka 1879 hadi 1880, kwani sifa ya uaminifu wake ilikuwa imemtangulia.

Wewe uliye na watu chini yako, jiulize jambo moja: siku utakapoondoka, je, watautua mzigo njiani, au wataufikisha?