Blanketi ya viraka: namna masalio ya fundi yanaweza kufunika jamaa ya wahami

Chini ya kila mashini ya kushona kuna mfuko wa vipande vya vitambaa. Mfuko huo unajaa haraka mbele ya Machi 8, siku ya wanawake, mbele ya Idi na Noeli, na tena mbele ya Septemba, wakati mafundi wanakata yunifomu za masomo, bluu na nyeupe. Vipande vingi vinaishia kuwasha moto ao kupangusa meza. Lakini vipande 48 vikikatwa vizuri vinatosha kutengeneza uso wa blanketi moja ya mtu mkubwa.

Kusini mwa Maniema jambo hili si mchezo. Mapigano ya makundi ya silaha karibu na Salamabila, mu teritware ya Kabambare, yamehamisha watu mara nyingi. Mwenye kukimbia usiku anabeba mtoto na sufuria, habebi matandiko. Akifika, jamaa inayomupokea inaweza kugawa chakula na mkeka, lakini blanketi moja haikatwe mara mbili. Na wakati wa kiangazi, baridi ya alfajiri inasumbua sana wale wanaolala chini.

Kuunga vipande si kitu kigeni

Mu karne ya 19, watu wa Maniema walisuka vitambaa vidogo vya nyuzi za rafia, vilivyojulikana kama viramba. Viliungwa pamoja kuwa nguo kubwa, na vilitumika pia kama makuta ya kununulia vitu. Kiisha misafara ya Waarabu na Waswahili, waliofanya Kasongo kuwa mji wao mkubwa, ilileta merikani na nguo zingine kutoka pwani. Kuanzia mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ililazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuguswa. Wakulima walivuna pamba, lakini nguo waliinunua.

Mbali na hapa, kuna watu wenye asili ya Afrika ya Mashariki walioshika ufundi wa viraka mpaka leo. Hao ni Wasidi wa Karnataka, India. Wengi wa babu zao walivushwa bahari kama watumwa. Wamama wa Kisidi wanashona blanketi inayoitwa kawandi kwa nguo zilizochakaa. Wanaanza kwenye ukingo, wanazunguka mpaka katikati, na mu kila pembe wanaweka vipande vilivyokunjwa, vinavyoitwa maua. Kwao, kawandi bila maua iko sawa na mtu aliye uchi. Mwaka 2004 wamama hao walianzisha kikundi cha ushirika ili wauze kazi yao.

Namna ya kuitengeneza

Blanketi ya viraka ina tabaka tatu: uso wa viraka, kitu cha joto katikati, na kitambaa kizima nyuma.

Kwa uso, kata kipimo cha karatasi ngumu cha sentimita 27 kila upande, na kila kipande kifuate hicho. Sentimita moja kila upande inaliwa na mshono, inabaki 25. Safu 8 za vipande 6 zinatoa blanketi ya sentimita 150 kwa 200. Ya mtoto inaomba vipande 20: safu 5 za vipande 4. Vipande vidogo viunganishwe kwanza mpaka vifike kipimo.

Katikati weka blanketi kuukuu, triko ao nguo zingine nzito. Nyuma, vikwembe viwili vilivyounganishwa kwa urefu vinatosha mtu mkubwa. Kimoja kinatosha mtoto. Kiisha funga tabaka zote kwa uzi mnene, fundo mbili mbili, kwenye kila pembe ya kiraka na katikati yake. Bila mafundo hayo, kitu cha ndani kitajikusanya upande mmoja siku ya kwanza ya kufua.

Mambo ya kuangalia

Vitambaa vyote vifuliwe kwanza, maana rangi ya kikwembe kipya inaweza kuchafua kile cheupe. Pamba isichanganywe na nailoni: cheche moja ya moto inayeyusha nailoni, na jamaa nyingi zinalala karibu na mafiga. Nguo za balo zinazotolewa kwa msaada zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Upele na mpox vinaweza kupita kwa matandiko, kwa hiyo nguo za mgonjwa zisipokelewe hata kidogo.

Nani analipa masaa?

Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinakwama. Vipande vinapatikana bure ao kwa bei ndogo. Lakini uzi, shindano, kitambaa cha nyuma na masaa ya mshonaji si bure. Kule Marekani, shirika la Lutheran World Relief, lililoanza mwaka 1945, linapokea kila mwaka malaki ya mablanketi yaliyoshonwa na waumini wanaojitolea, na linayatuma mu nchi nyingi zenye shida. Wengi wao wana muda na mashini nyumbani. Mama wa Kasongo anayeshona siku tatu bila malipo ameacha shamba siku tatu, na watoto wake watasikia njaa hiyo.

Kikundi cha likelemba, parokia ao msikiti unaotaka kusaidia wahami ufanye basi hesabu mbele ya kukusanya vitambaa. Mafundi watoe vipande, wenye duka watoe uzi na vikwembe vya nyuma, na makuta yanayochangwa yalipe mshonaji. Wahami wenyewe wana mafundi kati yao. Kuwapa mashini na kazi kunasaidia mara mbili.

Tena, viraka visiwe sababu ya kutoa kitu kibaya. Mbele blanketi itoke, mshonaji aivute kwa nguvu kwenye mishono, kiisha ajiulize kama angeifunika mtoto wake. Kama hapana, airudishe kwenye mashini.