Gazeti la Taveta

Wengi hudhani kwamba magazeti ya Kenya yalianzia Mombasa au Nairobi. Sivyo. Mwaka wa 1895, Padri Steggall wa misheni ya C.M.S. alianza kutoa gazeti dogo la Kiingereza, Taveta Chronicle, huko Taveta penyewe. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa. Ilifika Voi baadaye. Makaratasi yalichukuliwa kwa miguu hadi pwani, na habari ilipofika Uingereza ilikuwa imekwisha kuwa kuukuu. Lakini kwa kuwa imeandikwa, ilifika na maneno yake yote, jambo ambalo habari ya mdomo ni nadra kuliweza. Hata hivyo Wataveta wengi hawakuwa wasomaji wa gazeti lile. Walikuwa habari zake.

Leo tembo wakivamia shamba karibu na Voi, habari husomwa katika simu siku ile ile, na mwenye shamba huisoma mwenyewe. Picha za video humwonyesha mahindi yaliyokanyagwa. Lakini tarehe, idadi ya ekari, na ahadi ya fidia huzitafuta katika maandishi, maana hayo ndiyo atakayokwenda nayo ofisini.