Sakafu ni Mwalimu: Historia Fupi ya Mbinu za Ubao wa Magurudumu

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Iko sanaa moja, iliyozaliwa kwenye pwani ya magharibi ya Marekani katikati ya karne ya 20, ambayo imeuvusha msemo huo mpaka wake. Humo hata kuanguka kwenyewe ni kwenda mbele, na asiyeridhia kuanguka hajifunzi kitu. Sanaa hiyo ni ya kupanda ubao wa magurudumu, ambao vijana wa mijini huuita skeitibodi. Wengi huiona kuwa ni mchezo wa watoto wenye kelele. Lakini mwenye kuifuatia historia yake atakuta ndani yake jambo linalowagusa wote wenye kushughulika na sanaa: namna elimu inavyopatikana pasipo mwalimu, na namna uhaba unavyozaa ufundi.

Chimbuko lake ni bahari. Vijana wa California waliozoea kuteleza juu ya mawimbi walitaka cha kufanya siku ambazo bahari imelala. Katika miaka ya 1950 walitwaa magurudumu ya viatu vya kutelezea, wakayapigilia chini ya vipande vya mbao, wakashuka nayo miteremko ya barabara kana kwamba lami ni wimbi lililoganda. Magurudumu hayo yalikuwa ya chuma, na baadaye ya mchanganyiko wa udongo. Kokoto moja ilitosha kulizuia gurudumu ghafla na kumrusha mpandaji mbele. Kufikia mwaka 1965 miji kadhaa ya Marekani ilikwisha kuupiga marufuku mchezo huo, na wengi walidhani habari zake zimekoma.

Mambo mawili yaliufufua. La kwanza ni gurudumu jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki yenye unyumbufu inayoshika lami na kuvuka kokoto bila ya kukwama. La pili ni ukame. Katika miaka ya 1976 na 1977 California ilikosa mvua, maji yakabanwa, na mabwawa mengi ya kuogelea katika nyua za matajiri yakabaki makavu. Vijana waliruka kuta kwa siri, wakakuta ndani ya mabwawa hayo kuta zilizopinda mfano wa wimbi linalotaka kuvunjika. Walipanda na kushuka humo hadi mwenye nyumba alipowafukuza. Hivyo kukosekana kwa maji ndiko kulikowarudishia bahari yao.

Upande wa pili wa nchi, katika jimbo la Florida, kijana Alan Gelfand alikuwa akifanya mazoezi kwenye viwanja vya saruji vilivyochimbwa mfano wa bakuli. Mnamo mwaka 1978 alijulikana kwa jambo lililowastaajabisha wenziwe: alipanda ukuta, akatoka hewani pamoja na ubao, akarejea, wala mkono wake haukuugusa ubao. Mbinu hiyo iliitwa kwa jina lake la utani, Ollie, na vijana wa leo kila pembe ya dunia huiita oli.

Hata hivyo, Gelfand alikuwa na ukuta wa kumrusha. Swali lililobaki ni la yule asiye na ukuta, wala mteremko, wala wimbi. Jibu lilitoka Florida hiyo hiyo, kwa Rodney Mullen, aliyezaliwa mwaka 1966. Baba yake hakuupenda mchezo huu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 alimruhusu kuwa na ubao kwa sharti: avae kinga za viungo kila apandapo, na siku atakayoumia vibaya ndiyo iwe siku ya mwisho. Familia ilikuwa ikiishi shamba, na kijana huyo alikuwa na kipande cha sakafu tambarare tu. Juu ya sakafu hiyo alirudia mambo yale yale kwa saa nyingi, akiwa peke yake. Mwaka 1980, akiwa bado mtoto wa shule, akawa bingwa wa dunia wa fani ya kucheza kwenye uwanja bapa. Mwaka 1982 akaifanya oli juu ya ardhi tupu. Karibu mbinu zote zinazochezwa leo mitaani zimejengwa juu ya msingi huo.

Tuitazame mbinu yenyewe, maana ubao haukufungwa miguuni, na mtazamaji hudhani umepakwa gundi. Ubao huu una omo na tezi kama chombo cha baharini, na ncha zake zote mbili zimeinuka kidogo. Mpandaji huinama, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisha huipiga tezi chini kwa mguu wa nyuma, na omo hunyanyuka. Papo hapo huruka, na mguu wa mbele huburura ubavu wa kiatu juu ya ubao, ambao umebandikwa karatasi yenye kukwaruza kama msasa. Mkwaruzo huo huuvuta ubao juu. Mguu ukifika karibu na omo husukuma mbele, tezi nayo hupanda, na chombo chote hulala sawa hewani. Yote haya hutimia kabla ya mtu kupepesa jicho.

Anayeanza huyatenganisha matendo haya. Hujifunza kwanza juu ya majani, mahali ambapo magurudumu hayakimbii, kisha kwenye saruji akiwa amesimama, kisha akiwa mwendoni. Kosa lake kubwa hutoka moyoni: akiwa hewani hushikwa na hofu, mguu mmoja huutupa nje ili ajiokoe, na ubao humkimbia chini ya mguu uliosalia. Aliyenusa usalama ndiye aangukaye. Kwa hiyo somo jingine huenda sambamba na la kuruka, nalo ni la kuanguka: asinyooshe mikono kuizuia ardhi, maana kiwiko na kifundo cha mkono huvunjika, bali ajikunje na kubingirika kwa bega. Mshairi atalifahamu hili kwa wepesi. Mizani ikipungua imepungua, na hakuna maelezo yatakayoijaza. Sakafu nayo haina upendeleo, wala haikubali udhuru.

Ustahamilivu huo ulidhihirika tarehe 27 Juni 1999 mjini San Francisco. Tony Hawk alitaka kuzunguka hewani mara mbili na nusu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitimiza mashindanoni. Alianguka mara baada ya mara, muda wa mashindano ukamalizika, naye akaendelea kupanda, huku washindani wenziwe wakisimama kumtazama na kumhimiza. Hatimaye alitua juu ya miguu yake.

Mchezo uliopigwa marufuku uliingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Tarehe 26 Julai, Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu akiwa na miaka 13. Lakini picha iliyobaki katika kumbukumbu za wengi ni ya tarehe 4 Agosti. Misugu Okamoto, bingwa wa dunia wa mwaka 2019, alikuwa na zamu moja tu ya mwisho. Angeweza kucheza kwa tahadhari. Alijaribu mbinu ngumu, akaanguka, akamaliza wa nne, akatoka akilia. Washindani wake kutoka mataifa mengine wakamwendea, wakambeba mabegani.

Afrika Mashariki nayo ina fungu lake. Mwaka 2006, katika mtaa wa Kitintale mjini Kampala, ulijengwa uwanja wa saruji wa mchezo huu, na watoto wa mtaa wakaanza kujifunza wao kwa wao, mbao chache zikipita mkono hadi mkono. Aliyeiweza mbinu jana humwonyesha mwenziwe leo, na aliyeanguka hunyanyuliwa na anayengoja zamu. Bahari iko mbali na Kitintale, lakini mtoto anayeipiga tezi ya ubao pale analirudia tendo lililofanywa na kijana mpweke juu ya sakafu ya shamba, ambaye alikatazwa kuumia, akajifunza kuruka.